Mlango wa Jinai na Mlango wa Madai

Kila asubuhi binti wa fundi cherehani alifagia vipande vya vitambaa dukani kwa mama yake kabla ya kwenda shule. Sasa hapakuwa na cha kufagia. Mwenye nyumba, akidai kodi ya pango, alikuwa amelifunga duka kwa kufuli lake, cherehani ikiwa ndani, na mama alikuwa amemfungulia kesi. Bila cherehani wangekula nini?

Siku ya kesi, mama, ambaye hakujua kusoma, alimwachia binti asome vibao vya mahakama. Mlango mmoja uliandikwa "Jinai", mwingine "Madai". Binti hakujua tofauti yake. Lakini alikuwa amejigamba nyumbani kwamba Kiswahili chote kiko kichwani mwake, akaona haya kuuliza.

"Ni hapa, mama. Si unaona watu walivyojaa?"

Wakaingia mlango wa Jinai, wakakaa. Waliletwa washtakiwa wenye pingu, mmoja baada ya mwingine, lakini mama hakuitwa. Mwishowe binti akamshika mama mkono. Walipotoka kuuliza, karani wa mlango wa Madai aliwatazama kwa huruma.

"Tumemwita mara tatu hapa mlangoni. Kesi imefutwa."

Mama alikaa chini pale pale ukumbini, akalia bila kujali watu. Kisha akatoa noti yake ya mwisho. "Mpe hakimu, baba, nakuomba. Tutakufa njaa."

"Irudishe, mama. Hakimu analipwa kwa kodi za wananchi, hata ile unayokatwa ukinunua uzi. Ada ya kesi ulishalipa dirishani, ukapewa risiti. Basi. Ila mlikuwa wapi?"

Binti angeweza kusingizia njia ndefu. "Ni mimi," alisema. "Sikujua maana ya jinai. Niliogopa kuchekwa."

Karani akawaingiza haraka, mwenye nyumba akiwa bado hajaondoka. Binti akarudia yote mbele ya hakimu. Hakimu akairudisha kesi, akamgeukia mwenye nyumba. "Mahakama gani ilikupa amri ya kufunga duka?" Mwenye nyumba akakiri kwamba hakuwa na amri yoyote. Akaagizwa kulifungua siku hiyo hiyo.

Walipotoka, karani alimwambia binti, "Kule kwenye jinai, serikali ndiyo inayomshtaki mtu, na ina mwendesha mashtaka wake. Huku kwenye madai ni wewe na uliyegombana naye. Usipofika, hakuna wa kukusemea. Kwa hiyo uliza, mwanangu. Kutojua si aibu. Aibu ni kujifanya unajua, mwenzio akaumia."

Jioni cherehani ililia tena. Mama alimtupia binti jicho la utani.

"Haya, profesa, shika ufagio."