Hewa ya Mtungi Namba Nne

Mitungi kumi na miwili ya hewa ilisimama ukutani, na kila asubuhi Mama Kwa Nini alianza kazi kwa kuikagua mmoja mmoja. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kuuliza. Mumewe alisema kwamba hata siku ya posa alimwuliza, "Kwa nini mimi?" na kwamba mpaka leo jibu bado linatafutwa.

Familia hiyo iliishi kwa kuwapeleka wageni chini ya maji kutazama matumbawe. Mume alikuwa mzamiaji. Mke alijaza hewa. Mashine yake, kompresa, ilikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ofisi. Ilivuta hewa ya nje kwa mpira mrefu, ikaichuja, kisha ikaisukuma kwa nguvu ndani ya mitungi. Mzamiaji alifunga mtungi mgongoni, akatia mdomoni kifaa cha kupumulia, akashuka. Kila pumzi aliyovuta kule chini ilikuwa imepita mikononi mwa Mama Kwa Nini. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Kwa miaka minane alikuwa mpishi asiyeonja chakula chake.

"Kule kwenye matumbawe kukoje?" alimwuliza mumewe mara kwa mara.

"Kuzuri."

"Kuzuri vipi?"

"Mama, kuna samaki."

Jibu hilo lilimkera kila alipolisikia. Basi binti yao wa miaka kumi na tisa alipoanza kujifunza kuzamia kwenye bwawa la kuogelea, mama alimsindikiza, na akajifunza naye. Walijifunza kutoa maji kwenye miwani. Walijifunza kupanda juu polepole, na kutobana pumzi hata kidogo. Mwalimu aliwapasisha wote wawili. Binti angeingia baharini Jumamosi. Mama alisema yake yameishia bwawani.

"Bwawa lina ukuta," alisema. "Baharini mtu unashika wapi?"

Kwa mwezi mzima sasa, mume alikuwa akirudi na kichwa kinachouma. Si kila siku. Siku nyingine alizama mara mbili akarudi anaimba. Siku nyingine alizama mara moja tu, akarudi kimya na kulala mchana kutwa.

"Jua hilo," alisema mwenyewe.

"Uzee huo," alisema binti.

Mama Kwa Nini hakuridhika. Alihisi kuna mtungi mmoja wenye kutu ndani. Akachukua chaki, akaandika namba kwenye kila mtungi. Nyuma ya mlango wa kibanda akawa anaandika siku, namba ya mtungi aliotumia mumewe, na hali ya kichwa. Siku ya kwanza ya maumivu ilikuwa ya namba nne. Ya pili pia namba nne. Mama akautenga mtungi ule, akautazama kwa jicho baya. Lakini safari ya tatu kichwa kiliuma kwa namba saba. Jumanne mume akauchukua namba nne kwa ubishi tu, akarudi mzima kabisa. Namba nne ikabidi iombwe radhi.

Alhamisi mambo yaliharibika. Mume alipanda kwenye boti akiyumba. Alitapika, na vidole vyake vilishindwa kufungua mkanda wa mtungi. Mgeni aliyezama naye pia alishika kichwa. Wote wawili walipelekwa zahanati, wakawekewa oksijeni puani. Mwuguzi aliwatazama kwa makini.

"Baba, jana ulilala na jiko la mkaa chumbani?"

"Mimi nilikuwa majini," alijibu mume kwa sauti dhaifu. "Jiko la mkaa litawakaje huko?"

Mwuguzi alicheka kidogo, lakini Mama Kwa Nini hakucheka.

"Kwa nini umeuliza jiko la mkaa?" alisema.

"Kwa sababu dalili ni zilezile. Mtu amevuta moshi."

Swali hilo mama alirudi nalo nyumbani. Alisimama mbele ya mlango wenye chaki mpaka miguu ikamchoka. Moshi? Moshi gani? Kompresa yao ilitumia umeme. Ni pale tu umeme ulipokatika ndipo walipowasha jenereta ili kazi isilale.

"Mwanangu, umeme ulikatika siku zipi mwezi huu?"

"Jana ulikatika," binti alisema. "Nilikuwa napiga pasi. Shati likabaki upande mmoja umenyooka, upande mmoja mikunjo. Na Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, na Jumatatu iliyofuata."

Waliandika alama kando ya kila siku ambayo mume alitumia mtungi uliojazwa kwa jenereta. Kisha walirudi nyuma wakatazama. Kila kichwa kilichouma kilikuwa na alama. Kila siku isiyo na alama, mume alirudi akiimba.

Mama alizunguka nyuma ya kibanda. Mwezi uliopita mumewe aliihamishia jenereta pale, kwa kuwa wageni walilalamikia kelele. Na ni yeye mwenyewe, Mama Kwa Nini, aliyesema ekzosi, bomba la kutolea moshi, igeuzwe, isitie masizi kwenye mataulo ya wageni yaliyoanikwa kambani. Sasa ilitazama ukuta wa kibanda. Hatua mbili kutoka hapo, chini ya dirisha, palining'inia mdomo wa mpira wa kuvutia hewa.

Alisikia aibu, kisha hofu. Kikulacho ki nguoni mwako. Keshokutwa binti yake angeshuka na mtungi kutoka ukuta ule.

"Hazami mtu," alisema alipoingia ndani.

"Nina wageni kesho," mume alisema kitandani. "Na maji yenyewe ni mita kumi tu. Sarafu ikianguka unaiona kutoka kwenye boti."

"Nimesema hazami mtu mpaka nijue."

Binti alinuna. Mume aliwapigia simu wageni wake, huku akimtazama mkewe kwa pembe ya jicho.

Ijumaa asubuhi alikuja fundi wa kompresa. Alikuwa msichana mwembamba mwenye ovaroli iliyompwaya, na mume alipomwona alinong'ona, "Huyu mtoto ndiye fundi?" Fundi alisikia, akatabasamu, akafungua sanduku lake. Mama Kwa Nini alimweleza yote, kisha akatoa dukuduku lake.

"Jambo moja linanishinda. Moshi unanuka. Mimi nimefungua mtungi, nimenusa, haunuki. Kwa nini?"

"Swali zuri, mama. Ndani ya moshi wa injini kuna gesi moja ya sumu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kinachonuka kwenye moshi ni vitu vingine. Sasa, chujio la mashine yenu linakamata mafuta, unyevu na harufu. Hiyo gesi linaiacha ipite."

"Kwa hiyo chujio linaondoa harufu na kutuachia sumu?"

"Ndiyo. Linamfukuza mlinzi na kumwacha mwizi."

Mume aliketi sawasawa kwenye kiti chake.

"Inafanya nini mwilini?" mama aliuliza.

"Damu ni mchukuzi. Inabeba oksijeni kuipeleka kichwani na kila mahali. Gesi hii humrukia mchukuzi mgongoni, haitaki kushuka. Oksijeni inakosa nafasi. Kwanza kichwa kinauma, kisha unasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Ikizidi, unazimia. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu kwa njia hiyohiyo."

"Lakini ni mita kumi tu," mume alisema, safari hii kwa upole.

"Mzee, kwa mita kumi maji yanakukandamiza, na hewa unayovuta imeshindiliwa mara mbili. Kila pumzi ina sumu mara mbili. Na ukizimia nyumbani unaangukia sakafu. Kule unaangukia wapi?"

Fundi alitoa kipimo kidogo cha gesi hiyo, kinachoenea kiganjani. Mama Kwa Nini alimshika mkono.

"Subiri. Nikutajie mimi kwanza. Namba nne, tano na saba zilijazwa juzi kwa jenereta. Hizo zina sumu. Nane na tisa ni za umeme. Hizo safi."

Fundi alifungua kidogo namba nane. Kipimo kilisema sifuri. Namba tisa, sifuri. Alipofungua namba nne, kipimo kilianza kulia, na namba zikapanda mbele ya macho yao. Mama Kwa Nini alifurahi kwa nukta moja kwamba amepatia. Kisha akamtazama mumewe, machozi yakamlengalenga.

"Ni mimi niliyegeuza ekzosi," alisema.

"Na ni mimi niliyeileta jenereta pale," mume alisema. "Tusigombanie sifa."

Siku hiyo walifanya kazi wote wanne. Mitungi yote iliyojazwa kwa jenereta ilifunguliwa uwanjani ikamwagwa hewa mpaka ikabaki mitupu. Jenereta ilihamishwa mbali, upande ambao upepo unaelekea. Mpira wa kuvutia hewa ulirefushwa na kupandishwa kwenye nguzo juu ya paa, upande ambao upepo unatokea.

"Upepo ukigeuka, simamisheni mashine," fundi alisema. "Na pimeni kila mtungi kabla haujapanda botini. Pua haitoshi. Mtu akiumwa kichwa baada ya kuzama, mpelekeni kwenye hewa safi, kisha hospitali, na mtungi wake usiguswe mpaka upimwe."

Mataulo yalihamia kamba nyingine. Kipimo kilitundikwa kibandani, juu ya chaki.

Wiki mbili zilipita. Umeme ulikatika mara tatu, jenereta ikanguruma huko mbali, na kipimo kikasema sifuri kila mara. Mume, baada ya daktari kumruhusu, alizama na kurudi akiimba, tena vibaya kuliko zamani.

Ndipo binti akaingia baharini na baba yake. Mama alikaa kwenye boti akitazama mapovu yakipanda. "Hewa yangu hiyo," alijisemea. Aliyahesabu mpaka yakamchanganya.

Walipoibuka, mama aliuliza kabla binti hajavua miwani.

"Kichwa?"

"Kizima. Mama, kuna kisamaki kidogo kule, kinaingia ndani ya mdomo wa samaki mkubwa na kumsafisha meno. Kinaingia na kutoka. Yule mkubwa ametulia tu, kinywa wazi. Kwa nini hakimezi?"

Mama Kwa Nini alimgeukia mumewe.

"Miaka minane, na hukuniambia habari hiyo?"

"Nilikwambia kuna samaki."

Alitazama maji. Yalikuwa maangavu mpaka chini, bila ukuta wa kushika. Alichukua kipimo, akakiweka kwenye mtungi namba nne, akasoma sifuri mara mbili.

"Nifunge huu mgongoni," alimwambia mumewe. "Nikamwulize huyo samaki mwenyewe."