Kisima cha Mzee Mselem

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabiha alichota maji katika kisima cha uani kwao, mtaa wa Makorora. Wenzake walipanga foleni kwenye bomba la barabarani. Sabiha aliwabinulia midomo, maana baba yake, Mzee Mselem, alimfundisha kuwa foleni ni ya watu wasio na asili.

Siku moja alifika Bwana Afya wa mji, Ernesti, Mbondei wa Muheza. Alikitazama kisima, kisha akakitazama choo kilichokuwa karibu nacho mno.

"Mzee, uchafu wa choo unaingia humu. Idara ya Afya imeagiza kisima kifungwe."

Mzee Mselem hakumpa hata kiti. "Babu yangu alikunywa maji haya. Wewe umetoka mashamba ya mkonge jana, leo unifundishe maji?"

Sabiha alicheka kwa sauti, makusudi mgeni asikie.

Kisima kilifunikwa kwa mbao na misumari. Bwana Afya alipoondoka tu, Mzee Mselem aling'oa ubao mmoja. Kuchanganyika na watoto wa makuli kwenye bomba kulimshinda. Kunywa maji ya choo hakukumshinda.

Baada ya wiki chache, Haji, mdogo wake Sabiha, alishikwa na homa isiyoshuka. Chiku, binti wa jirani aliyezoea kuja kuomba maji pale, naye akaanguka. Hospitalini wakaambiwa ni homa ya matumbo. Bwana Afya akapita nyumba kwa nyumba kutafuta chanzo.

"Watoto hawa walikunywa maji ya wapi?" aliuliza.

"Ya bomba," Mzee Mselem alijibu bila kupepesa macho. "Bomba lenu ndilo bovu. Lifungeni."

Sabiha alipiga hesabu. Bomba likifungwa, mtaa mzima ungekuja kuchota uani kwao na kuugua kama Haji.

"Shikamoo, Bwana Afya," alisema. Hakuwahi kumwamkia. "Si maji ya bomba. Baba aling'oa ubao, nami nikawa nachota."

Mzee Mselem alimkazia macho, lakini mama yake, Bi Asmahani, akaja kusimama kando ya binti yake.

"Mwache aseme," alimwambia mumewe. "Hiyo asili yako haikumkinga Haji."

Kisima kilijazwa mawe, na watu wote waliokunywa maji yale wakachomwa sindano. Haji na Chiku walipona, ingawa walibaki mifupa mitupu. Bi Asmahani na Sabiha walikwenda kwa akina Chiku kuomba radhi. Mzee Mselem hakwenda; alidai goti linamuuma.

Njiani Bi Asmahani alisema, "Mwanangu, maradhi hayamuulizi mtu ni mwana wa nani. Bwana Afya anapokuonya, anamlinda na jirani yako pia. Mwenye kiburi huona haya kusikiliza, lakini haoni haya kumlaza mtoto wa mwenzake kitandani. Usiwe mtu wa namna hiyo, hata kama mtu huyo ni baba yako."