Homa Iliyofichwa Wiki ya Mbio

Katika nyumba ya Chizuru, bakuli la kwanza la wali halikuwa la mtu aliye hai. Lilikuwa la Hayato. Kila asubuhi Chizuru aliliweka mbele ya picha ya mwanawe, akagonga kikengele kidogo, akafumba macho. Ndipo wengine wakala. Na hao wengine walikuwa wawili tu: yeye na mumewe Morihiko, mtengeneza tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya.

Kando ya picha zilikuwepo kamba za viatu, rangi ya chungwa. Hayato alikuwa mkimbiaji. Alitamani sana mbio kubwa za majira ya kuchipua, zile zinazopita katikati ya Tokyo. Waombaji ni wengi mno, kwa hiyo nafasi hutolewa kwa kura. Kura haikumwangukia. Kisha ugonjwa wa damu ukamchukua.

Baada ya mazishi, baba yake akaanza kukimbia. Kwanza hadi darajani, akirudi anahema kama mvukuto. Baadaye akawa anavuka mto Sumida na kurudi kabla ya kufungua duka. Kila mwaka aliomba nafasi. Mwaka huu kura ikamwangukia.

"Nitamfikisha mwanangu mpaka mwisho," alisema siku ile. Akazitwaa zile kamba, akazitia katika viatu vyake.

Wiki ya mbio ilikuja na mvua ya baridi. Maua ya miplamu yalilowa, yakagandamana njiani. Asubuhi moja Chizuru aliona kuwa mumewe hakutafuna figili yake ya chumvi. Siku zote aliitafuna kwa kelele mpaka jirani akajua kumekucha. Leo aliisukuma pembeni. Kisha akakohoa, kikohozi kizito, cha kutoka ndani ya kifua.

"Baba, weka kipimajoto," Chizuru alisema.

Morihiko akakipachika kwapani, akakitoa upesi. "Sina homa."

"Hata hakijalia!"

"Hiki nacho ni kivivu. Kama fundi wetu wa bomba."

Chizuru hakucheka. Baadaye, nyuma ya pipa la kulowekea maharage, alikuta chupa ya dawa ya mafua. Ilikuwa imebaki nusu.

Jioni yake ilikuwa karamu ya kumuaga. Mtaani kwao ni desturi: mtu akipata nafasi ya mbio, majirani huandika majina yao kwa brashi na wino kwenye kitambaa kirefu cheupe. Mkimbiaji hukifunga kiunoni, ndani ya shati, akakimbia na mtaa mzima tumboni.

Kajitani, muuza nyama, ndiye aliyeandika wa mwisho, kwa herufi kubwa kuliko wote.

"Usitutie aibu, ee bwana!" alisema. "Ukichelewa kufika vizuizi kabla havijafungwa, lile basi la waliochoka litakuzoa kama kabichi lililooza!"

"Heri basi kuliko kubebwa na wewe," Morihiko akajibu. "Unanuka mafuta ya nguruwe."

Watu wakaangua kicheko. Morihiko naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Wengine walijifanya hawasikii. Bibi Kuwabara alisikia. Alikuwa jirani yao wa pili, muuguzi aliyestaafu.

Kesho yake alibisha hodi. Mkononi alikuwa na kikombe cha figili zilizolowekwa katika asali.

"Lete mkono, Morihiko," alisema. Akamshika mshipa, akahesabu mapigo. "Umekaa tu, lakini moyo unapiga kama umepanda ngazi. Viungo vinauma?"

"Kidogo. Ni mazoezi."

"Mazoezi ulishapunguza. Na hiyo dawa unayokunywa kwa kificho?"

Morihiko akamgeukia mkewe. "Mama, umenisemea?"

"Kikohozi chako ndicho kilichokusemea," Bibi Kuwabara alisema. "Sasa nisikilize. Mafua ya puani tu, bila homa, mtu anaweza kutembea polepole. Lakini ukiwa na homa, au kikohozi cha kifuani, au mwili mzima unauma, usikimbie. Dawa hiyo inashusha homa tu. Ugonjwa umebaki ndani. Vijidudu vyake vinaweza kuingia katika nyama ya moyo, ikavimba. Moyo uliovimba ukiupeleka mbio, unaweza kusimama ghafla. Hata wa kijana. Nenda kwa daktari akupime."

"Nitakwenda baada ya mbio."

"Baada ya mbio huenda nikaja kukuosha, si kukupima."

Morihiko aliinamisha kichwa. "Bibi, mtaa wote umeandika. Nikisema sikimbii, nitawatazamaje? Na Hayato je? Kura hii hairudi."

Chizuru alitaka kusema. Lakini alilelewa kuwa mke hampingi mumewe mbele ya jirani. Basi akamimina chai, na chai ikapoa bila kunywewa.

Mlangoni Bibi Kuwabara alimshika kiwiko. "Akienda, tusimame mahali atakapopita. Akishika kifua, akiyumba, au akikosa pumzi, mwambie asimame. Usingoje aanguke. Waite wahudumu wa afya papo hapo."

Na Morihiko akaenda.

Siku ya mbio mvua haikukatika. Chizuru alisimama karibu na daraja, kati ya Bibi Kuwabara na Kajitani. Watu walijaa pande zote mbili, miavuli imegongana. Ngoma zilipigwa. Na kila mdomo ulikuwa na neno moja, neno ambalo watu wa huko huwapa wakimbiaji, wanafunzi wa mtihani na hata wagonjwa.

"Jikaze! Jikaze!"

Chizuru alizitambua kamba za rangi ya chungwa kabla ya kumtambua mumewe. Uso wa Morihiko ulikuwa rangi ya machicha ya maharage. Mdomo ulikuwa wazi. Mkono mmoja ulishika kifua, kama anayezuia kitu kisimdondoke.

"Jikaze, Morihiko!" Kajitani alinguruma. "Mtaa uko tumboni mwako!"

Morihiko alimsikia. Akajaribu kuongeza mwendo, akayumba.

"Simama," Chizuru alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikamezwa na ngoma. Akavuta pumzi. "Simama!"

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Mbona anamvunja moyo mwenzake?"

Chizuru aliutupa mwavuli chini. "Simama, Baba! Mimi sitaweka mabakuli mawili pale!"

Morihiko akamwona. Akasimama. Alisimama katikati ya barabara huku wakimbiaji wakimpita kulia na kushoto, kisha magoti yakalegea. Kajitani aliruka kamba ya kuzuia watu, akamdaka. Bibi Kuwabara alishainua mikono yote miwili, anaita. Wahudumu wawili walikuja kwa baiskeli, mgongoni wamebeba mashine ya kuushtua moyo. Walimlaza, wakambandika waya kifuani, wakaita gari la wagonjwa.

"Naomba radhi," Morihiko alikuwa akinong'ona. "Nawasumbua watu."

"Nyamaza, pumua," Bibi Kuwabara alimwambia.

Hospitalini daktari alisema nyama ya moyo ilikuwa imevimba. "Kama angeendelea..." alianza, akamtazama Chizuru, akaacha hapo.

Maua ya micheri yalichanua na kupukutika, na Morihiko aliyaona kupitia kioo cha dirisha. Aliporudi nyumbani alikatazwa kukimbia na kuinua vyungu vya maharage. Duka lilifungwa mpaka joto lilipokuja. Alikonda. Siku nyingine alikaa mbele ya picha kutwa, na Chizuru hakumbughudhi.

Alipoweza kutembea alipita mlango kwa mlango na kile kitambaa kimefuliwa, akiinama kuomba radhi.

"Uombe radhi kwa lipi?" Kajitani alisema, sauti yake chini. "Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele."

Zilipokaribia mbio nyingine, nafasi ilimwangukia Wakasugi, mwalimu wa shule ya chekechea. Lakini sasa wino haukuguswa mpaka mkimbiaji apite kwanza kwa Bibi Kuwabara, akae na kipimajoto kwapani hadi kilie. Asubuhi ya karamu Wakasugi alikuja mwenyewe, macho mekundu.

"Nina homa," alisema. "Mwaka huu sikimbii."

Alilia, maana naye alikuwa ameingojea kura hiyo kwa miaka. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Morihiko alimpelekea tofu ya moto, Kajitani mchuzi wa mifupa. Kitambaa cheupe kikakunjwa, kikawekwa kabatini.

Siku ya mbio Morihiko alisimama darajani na sinia ya plamu za chumvi, Chizuru kando yake. Daktari alikuwa amemruhusu matembezi tu. Huenda hatakimbia tena mbio ndefu, na kamba za chungwa zimerudi mahali pake. Wakimbiaji walipita, mvua ikinyesha, watu wakipaza sauti zao zilezile. Morihiko alimtazama kila mmoja usoni kwanza. Ndipo akaamua la kumwambia.

Na nyumbani, mbele ya picha, kulikuwa na bakuli moja tu la wali.