Damu ya Bi Zubaida

"Usilikate shati, sista, nimelivaa leo tu."

Nazish alikuwa ameshalikata. Chumba cha dharura cha hospitali ile ya Lahore kilifurika watu hadi mlangoni, na huyu Khurram, aliyegongwa na lori akitoka harusini, alivuja damu huku anatabasamu.

"Ukipona nitakununulia lingine."

"Basi napona. Ila tukalichague pamoja."

"Una maneno wewe. Tulia."

Moyo ulimruka Nazish, akaukasirikia.

Mama wa kijana huyo, Bi Zubaida, mzazi wa watoto saba, aligoma kabisa: mwanawe hatatiwa damu ya mtu asiyemjua. Alitoa yake, ikapimwa, ikalingana, ikatundikwa. Haikufika nusu, Khurram akaanza kutweta, midomo ikawa ya buluu, povu jekundu likamtoka. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Nazish hakumngoja. Alifunga mrija wa damu, akamwekea oksijeni.

"Fungua! Damu yangu itamdhuruje mwanangu?"

"Sifungui, mama."

"Nitakufukuzisha kazi."

"Nifukuzishe. Lakini sifungui."

Khurram alikaa siku nne kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya sita akapiga simu chumba cha dharura kutoka wodini, akamtaka Nazish, sauti ikikwaruza.

"Ni wewe uliyemdhalilisha mama mbele za watu?"

"Ni mimi niliyefunga mrija."

Akakata. Nazish alilia chooni, akanawa uso, akanyoosha ushungi wake, akarudi kazini.

Ni daktari aliyemweleza Bi Zubaida. Mimba humwachia mwanamke askari wa kinga katika damu, na mara chache askari hao huvamia mapafu ya anayetiwa damu hiyo, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Sista angechelewa kidogo, wangekuwa wanazungumza habari za mazishi. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaulizia viatu vyake alivyovua mlangoni, akaondoka.

Wiki tatu baadaye alitokea mlangoni mwa chumba cha dharura na boksi la ladu, zile tamutamu za sherehe. Khurram alikuwa nyuma yake, amekonda, kavaa shati lile lile, limeshonwa kwa uzi usiofanana.

"Nilikata simu bila kukusikiliza," alisema. "Nilikukosea."

"Ulinikosea sana."

"Kesho nakwenda kwenu kumposea mwanangu," alisema Bi Zubaida. "Nimeanza na wewe, nijue utasemaje."

Nazish alimtazama usoni. "Ujue kabisa, mama. Siku ile ikirudi, nitaufunga mrija tena. Upige kelele usipige."

Bi Zubaida alichukua ladu moja, akamtia mdomoni kwa mkono wake.

"Ndiyo maana sikwenda kuposa kwingine."