Msichana Aliyechorwa Kisogo

Jua lilikuwa linazama mfasiri alipopita kiwanda cha uchapaji kuchukua prufu, karatasi za majaribio za kitabu alichokitafsiri. Shughuli ya dakika tano. Asaini, aage, aende zake.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya zamani ya watoto, yenye picha za wino, kuhusu msichana aliyeingia nchi iliyo nyuma ya ukuta. Kiliwahi kutafsiriwa mara moja, kikaondolewa madukani, na hakuna aliyetaka kusema kwa nini. Katika picha zote kumi na mbili msichana yule alichorwa kwa nyuma. Kisogo na mabutu mawili ya nywele, basi.

Mfasiri alimpa jina la nyumbani kwao: Chiriku. Ndivyo alivyoitwa binti wa dada yake, mtoto wa miaka sita asiyefunga mdomo, aliyesomewa kila sura ikiwa bado mbichi ili mfasiri asikie pale lugha inapokwama.

"Mama mdogo, huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mwanangu."

Mtoto aliruka juu ya kitanda mpaka chaga zikalia.

Sasa mchapaji, mzee mwenye kucha nyeusi kwa wino, alimwekea prufu mezani bila hata salamu.

"Dada, mliagiza picha zibadilishwe?"

"Abadilishe nani? Mchoraji ameshaoza huko alikolala."

"Basi tazama."

Picha ya kwanza, msichana ametoa shavu. Ya nne, nusu uso. Ya tisa...

Ya tisa, anamtazama.

Pengo la jino la mbele. Kovu dogo juu ya nyusi.

Chiriku.

Akampigia mhariri aliyempa kazi, akamweleza alichokiona.

"Tulikwambia uweke jina lisilo la mtu," mhariri alinong'ona.

"Hamkusema kwa nini!"

"Ungekubali kazi?"

"Yule mfasiri wa kwanza," mhariri akaongeza, "alitumia jina la mwanawe."

"Na huyo mtoto yuko wapi?"

Simu ikakatwa.

Watu wazima na akili zao, wana ofisi na viyoyozi, wanajua jambo kama hili na wanalikalia! Kisha wanaandika mstari mmoja kwenye mkataba na kuuita tahadhari.

Hasira zikampanda. Akazinyakua zile karatasi, akazichana. Mchapaji alimshika mkono, "Dada, taratibu, dada," lakini wapi. Alichana mpaka picha ya mwisho. Vipande vikatapakaa miguuni pake, naye akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Simu ikaita. Dada yake.

"Mdogo wangu, njoo. Mtoto kakaa kitandani, kaelekea ukutani, hasemi neno."

"Mgeuze."

"Nimemgeuza." Dada alikuwa analia chinichini. "Nikazunguka mbele yake. Nikazunguka tena. Bado naona kisogo..."

"Mwekee simu sikioni."

"Sikio lenyewe silioni!"

Mfasiri akapaza sauti. "Chiriku! Mwanangu, ni mama mdogo. Niitikie!"

Akaitikiwa.

"A... bee..."

Haikutoka kwenye simu.

Ilitoka sakafuni, chini ya meza, karibu na kiatu cha mchapaji. Nyembamba. Imekatikakatika, kila kipande cha sauti mahali pake.

Mzee aliganda, mguu mmoja hewani, asijue pa kukanyaga.

Mfasiri akapiga magoti. Akaanza kuokota, kipande baada ya kipande, huku mwanga wa dirishani ukizidi kufifia, na yeye hajui kipi ni jicho na kipi ni ukuta.