Likizo ya Yuster Msimu wa Korosho

Kila asubuhi Mama Huruma alifungua duka lake la vitenge pale Masasi, akaitikia shikamoo ya Yuster, muuzaji wake, kisha akaanza kumchunguza. Mwezi wa kumi huu, jamani! Mwaka juzi mwezi kama huu muuzaji wake Pili aliacha kazi. Mwaka jana Witness naye akapotea, hata kuaga hakuaga.

Sasa Yuster alikuwa ananong'ona kwenye simu nyuma ya majora, tena kwa Kimakonde. Mama Huruma ni Mmakua, anaambulia neno mojamoja tu.

"Unaongea na nani?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kila saa? Au kwa Baba Optatus?"

Baba Optatus ana duka la vyombo ng'ambo ya barabara. Muuzaji wake, Safari, yuko naye mwaka wa saba. Wa saba! Anamlisha nini? Mama Huruma aliamini yule baba ananyatia wauzaji wa watu.

Jumamosi akaona mfuko wa Yuster umefura. Akaupekua. Hakuna hata kitenge kimoja cha dukani. Nguo za Yuster tu, zote. Anahama huyu! Akavuka barabara mbiombio.

"Baba Optatus, leo shikamoo sitoi! Umemchukua Yuster wangu?"

"Marahaba hivyohivyo," akacheka. "Nimpeleke wapi?"

"Kwani Safari yuko wapi? Si umemfukuza ili ampishe?"

"Safari yuko likizo. Anaokota korosho kwao Chilangala."

"Likizo mwezi huu? Mimi natoa Krismasi."

"Ndiyo maana wanakukimbia! Mvua ikizikuta korosho chini, zinaoza. Mzazi akiita, mtoto atachagua vitenge vyako?" Akatoa karatasi. "Mimi na Safari tuna mkataba. Kwa sheria ana likizo ya siku ishirini na nane kwa mwaka, na mshahara wake anapata. Tarehe tunapanga pamoja, mapema. Mchana anapumzika saa nzima, anakula amekaa. Na mfuko wake sipekui."

Mama Huruma akatazama chini. Huyu baba kajuaje?

Aliporudi, alimkuta Yuster mlangoni, mfuko mkononi, macho mekundu.

"Mama, umenipekua kama mwizi. Naondoka."

"Kwenu nani anaokota korosho?"

Yuster akashangaa. Karibu mwaka mzima hajawahi kuulizwa habari za kwao.

"Mama yangu, peke yake. Mgongo unamuuma. Niliogopa kuomba ruhusa."

"Nisamehe, mwanangu. Nenda ukamsaidie. Lakini... utarudi?"

"Nitarudi."

"Basi tuandikiane."

Wakaandikiana mkataba, na tarehe ya kurudi. Wiki nne Mama Huruma aliuza peke yake mpaka miguu ikavimba. Majirani wakamcheka: "Umempa na mshahara? Umeliwa!" Moyo wake nao ukasema hivyohivyo.

Siku yenyewe ilipofika alidamka, akaenda dukani mapema, ashuhudie kwa macho yake kwamba kaachwa. Weee! Yuster alikuwa mlangoni, vidole vina madoa ya mabibo ya mikorosho, nyuma yake wanawake watatu kutoka kijijini kwao.

"Shikamoo mama. Nimewaambia duka letu ndilo lenye vitenge vizuri. Fungua basi, tunawachelewesha wateja!"