Simu Isiyokatwa

Asubuhi ile lifti ya kampuni ya maji ilikuwa imejaa pomoni, na dada mmoja, kwa kiherehere cha kuchelewa, akajitosa mlango ukiwa unajifunga. Ukambana mkoba. Watu wakaguna. Mkono wa mwanamume, shati la buluu lililopigwa pasi ikakolea, ukapita juu ya mabega ya watu ukausukuma mlango.

"Pole, dada. Mkoba umepona?"

"Mkoba mzima. Mwenye mkoba ndiye anapelekwa machinjioni."

"Machinjio yako ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita. Wanakopokea simu za wateja."

Mwanamume akakohoa. "Basi nadhani mimi ndiye mchinjaji mpya."

Lo! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe ndiye msimamizi mpya wa zamu yao!

Ghorofa ya sita dada huyu walimwita Asali kwa sababu ya sauti yake. Sauti ilikuwa tamu, lakini maisha yalikuwa shubiri. Madirisha hayakufunguka, hedifoni ilibana kichwa kutwa nzima, na sheria ilikuwa moja tu: mpokea simu hakati simu. Mteja akutukane wewe, akutukanie na mama yako, wewe ni "samahani sana" mpaka achoke mwenyewe. Ukiinuka kitini, taa nyekundu inawaka juu ya meza yako. Siku hizi hata usingizini Asali aliomba samahani.

Utani wa lifti ulizaa mapenzi, na afueni yake ikawa jioni, msimamizi anapompigia.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. We bosi, huchoki na sauti yangu? Mchana kutwa unaisikiliza."

"Mchana unawapa wateja samahani. Mimi nataka yangu."

"Ipi hiyo?"

"Yoyote isiyo samahani."

Asali alicheka mpaka mama yake akauliza kutoka chumba cha pili kuna nini.

Basi siku moja akapiga bwana mmoja aliyekatiwa maji. Alimporomoshea Asali matusi ya nguoni, na Asali akabaki na samahani zake huku mikono ikimtetemeka. Msimamizi aliyasikia yote. Wasimamizi waliweza kuingia kwenye simu yoyote kimyakimya, wakiwa kwenye chumba chao cha vioo.

Kesho yake Asali akakuta amehamishiwa chumba cha nyuma, ajibu barua pepe. Moyo ulimlipuka paa! Shoga yake wa meza ya jirani akamshika mkono. Hakuna aliyewahi kuingia chumba kile akarudi. Bosi aliyepita, akitaka kumfukuza mtu, alianza kwa kumpeleka kule, akamwacha mpaka aelewe mwenyewe. Na mama alikuwa akila na kutibiwa kwa mshahara huohuo.

Chumba kilikuwa na meza, kompyuta na kuta nne. Asali alikaa kama panya aliyetumbukia kwenye ndoo. Simu yake ikaita, akainyamazisha. Ilipoita tena akapokea kwa hasira.

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Ungesema tu umenichoka. Unanitupa huku mbele za watu?"

"Nikutupe? Nimekutafutia kazi nyepesi! Jana nilikusikia, roho ikaniuma."

"Hiki ni chumba cha kufukuzia watu. Kila mtu humu anajua."

Sauti ikamshuka: "Haki ya Mungu, sikujua."

"Ungeniuliza, ungejua. Wateja wananipeleka wanavyotaka, na wewe vilevile. Tofauti yenu nini?"

Hakumpokelea tena simu, wala msimamizi hakubisha hodi. Asali alijibu barua pepe huku akisubiri kufukuzwa, akimkasirikia na kummiss kwa pamoja.

Siku ya tatu shoga yake akaingia mbio. "Njoo uone maajabu!"

Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Asali, hedifoni kichwani, shati limeloa jasho. "Samahani sana, mzee," alikuwa akisema, midomo imemkauka.

"Alipanda kwa mkurugenzi," shoga akanong'ona, "akadai tukitukanwa tuwe tunakata. Akaambiwa, kakae kwenye kile kiti kwanza. Ukikata hata moja, huna kazi. Na mkurugenzi mwenyewe anasikiliza kutoka juu."

Asali alisogea. Matusi yalivuja kwenye hedifoni, na aliyajua yote. Alimwona mtu wake akifumba macho, akaona mikono ikimtetemeka kama yake. Huruma ikamshinda, na hasira, na mapenzi. Akanyoosha kidole, akakata.

Simu ya mezani ikalia papo hapo. Msimamizi alitaka kuipokea, Asali akamwahi.

"Huduma kwa wateja, habari ya mchana," alisema kwa ile sauti yake. "Ndiyo, mkurugenzi, ni mimi niliyekata. Yeye hakukata. Hapana, siombi samahani. Karibu ushuke, kiti kipo."

Akaweka simu chini. Shoga, aliyekuwa amerudi meza ya jirani, naye alivua hedifoni yake akaiweka mezani.

"Anashuka?" msimamizi akauliza.

"Anashuka."

"Asali, nikushike mkono, au hutaki?"

Asali alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Nishike. Tukifukuzwa tusifukuzwe, leo unakuja kumsalimia mama."